Metre Eustache Awasemea Wote Wawili

Benchi la Fundi Hamimu liko Nyamirambo, mbele ya duka lake la kushonea, na mwaka ule wa tisini na mbili lilikuwa na sheria moja tu: kofia ya chama cha siasa unaivua kabla ya kukaa. Ukishaivua, sema utakalo, birika la kahawa ni la wote. Jumamosi ile alasiri walikuwa wanne. Katikati alikaa Eustache, waliyemwita Metre, kama wanasheria wanavyoitwa, kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa mahakama na sasa huwasemea watu mbele ya hakimu. Kando yake Bizimana, fundi wa redio, jina la kijiweni Redio. Hamimu mwenyewe alikuwa na sindano mkononi. Na mwisho wa benchi, Damascène, ambaye kwa kupenda kujenga walimpa jina la Sementi. Ukuta wake mpya ulikuwa ukisukuma maji ya mvua hadi ndani ya jiko la jirani yake, mjane Mukantwari. Kesho yake majirani wangekaa kwenye nyasi, gacaca ya desturi, kuwaamua, na Mukantwari alishamwomba Metre amsemee.

— Kesho sikuji, Sementi akasema ghafla. — Naenda mahakama ya kanto, ile ya serikali. Kule hakimu hanijui.

Metre akaweka kikombe chini. Neno lile lilimuuma. Alizijua kesi za kanto: mjane angepanda kilima kila wiki aambiwe arudi wiki ijayo, na mvua ikiendelea kuingia jikoni. Kwenye nyasi angesikilizwa siku moja, na watu wanaomfahamu.

— Unakataa majirani, Sementi?

— Majirani iko na maneno mingi, Metre. Wanajua mpaka siku niligombana na bibi.

— Ndiyo maana ni wazuri, Redio akadakia. — Hata Amerika wanafanya hivyo, nilisikia. Wanachukua watu kumi na mbili wa barabarani, muuza viazi, shoferi, wanaamua kesi ya maji kama hii yako. Hakimu yeye anavaa joho tu.

— Joho ya kitambaa gani? Hamimu akauliza, maana hilo lilimhusu.

— Nyeusi. Halafu wakishasikiliza, wale kumi na mbili wanafungiwa kwa chumba.

— Wanafungwa wao? Wamefanya nini?

— Hawajafanya kitu. Wanakaa humo mpaka wakubaliane. Hakuna kula.

— Sasa naelewa, Hamimu akasema. — Ni njaa inaamua. Ukitaka kesi iishe mbio, unachagua wanene.

— Na avoka wao, wale wa kusemea watu, wanasomea kulia. Iko shule yake. Mwaka wa kwanza jicho moja, mwaka wa pili yote mawili.

Hapo Metre akaona kazi yake imetukanwa.

— Oya, Redio. Avoka wa kweli halii. Hatukani mtu wa upande ule, hadanganyi. Hata ukimpa kesi ya mpinzani wake, ataisema yote, hataipunguza.

— Basi semea Sementi, tuone. Sisi ndio wale kumi na mbili.

— Mko wawili.

— Tunatosha. Tena tumeshiba.

Metre akasimama, akafunga vifungo vya koti. Nia yake ilikuwa njema: Sementi asikie kwamba hata kwenye nyasi upande wake utasemwa wote, aache habari za kanto. Ila Metre akianza kusema, kumnyamazisha ni kazi. Alisema kiwanja ni cha urithi. Alisema mteremko ule aliuweka Mungu, si Damascène. Alisema ukuta wa zamani ulianguka ukaua mbuzi, na jiko la mama yule lilijengwa juzi, katikati ya njia ya maji. Halafu akashusha sauti, akawasimulia jinsi watoto wa Damascène walivyoamka usiku kabla ya ukuta, mikeka imeloa, mmoja anakohoa hadi asubuhi. Hamimu akajifuta macho kwa kipande cha kitenge.

— Kesi imekwisha, Redio akasema. — Haki ni ya Sementi.

— Yake kabisa, Hamimu akaitikia.

Metre akakaa, kifua kimejaa fahari. Kisha fahari ikamtoka yote. Hawa wawili kesho ndio wangekaa kwenye nyasi kuamua, na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, amewageuza dhidi ya mwanamke aliyemwamini. Aliona aibu, aibu ya kweli.

— Ngojeni kwanza. Upande wa mama bado sijausema.

— Wa nini tena, Metre? Hamimu akasema. — Umesema vizuri. Kunywa.

Mukantwari mwenyewe akatokea bondeni, pindo la kitenge limejaa matope. Wakamwamkia, wakamsogezea nafasi, hakukaa.

— Nimesikia kwa bibi ya Damascène kwamba anataka kanto. Nikasema nije niwaone nyinyi.

— Mama, nisamehe, Metre akasema. — Nimemsemea yeye hapa. Nimemsemea vizuri kupita kiasi.

Mukantwari hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Metre. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Si kitu. Kati yenu, nani bado hajaamua?

Redio akachungulia ndani ya birika. Hamimu akatafuta tundu la sindano. Metre, aliyewajibu mahakimu wa kila namna, akaanza kufungua vifungo vya koti, maana naye aliamua siku ile ile alipoombwa.

— Mimi, akasema Sementi.

Wote wakageuka.

— Mimi sijaamua. Metre amesema mpaka nikajihurumia. Lakini watoto wangu hawajawahi kuloa, Metre. Wanalala kwa kitanda, juu. Hao wa mikeka, huyu anakohoa, ni wa huyu mama.

Metre akasikia uso unamwaka hadi masikioni. Sementi alikuwa amesimama tayari, anavaa viatu.

— Kesho nakuja kwa nyasi, mama. Nitajisemea mwenyewe. Sasa twende unionyeshe hilo jiko.