Bi Hermelinda na Shimo la Totora

Wasikilizaji wapendwa, zimeni blenda, juisi itasubiri. Leo tunamkumbuka Bi Hermelinda Piminchumo, mkulima wa totora hapa Huanchaco, pwani ya Peru, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka themanini na mmoja.

Mkulima wa totora. Narudia kwa sababu tunamsifia mvuvi aliyepanda mtumbwi wa totora mawimbini, na aliyeuotesha mtumbwi wenyewe hatumtaji. Bi Hermelinda aliiotesha totora hiyo, ndugu yake ndago na mafunjo, kwenye shimo la maji alilochimba na mumewe.

Mume alipofariki, yeye akaugua. Shimo likakaa miezi minane bila mtu. Na kwetu, shimo likimezwa na enea, lile gugu la majani bapa, hupewa familia nyingine. Kamati ikaja. Mwenyekiti, Mzee Casimiro, mvuvi, akachungulia kutoka ukingoni. Machipukizi hayakuwa yamechanua, na bila maua totora na enea hufanana kwa mbali.

“Enea tupu, shemeji. Pole. Shimo linaondoka.”

Shimo hilo ndilo lililolisha watoto wake wanne.

Binti yake Maruja ananiambia: “Mama hakulia. Aliingia majini na sketi yake, akang’oa shina.”

“Casimiro,” Bi Hermelinda akamwambia, “umeikalia totora miaka arobaini, hujawahi kuiona ikiwa hai? Shika!”

Akashika. Shina halina fundo hata moja. Chini mviringo, juu pembe tatu. Pembe tatu, wasikilizaji! Majani hakuna, ila ganda jembamba lililokumbatia shina chini. Bi Hermelinda akalikata shina: ndani jeupe, limejaa vitundu vya hewa kama sponji.

“Mbona ya mtumbwi wangu haina pembe?” Casimiro akang’ang’ania.

“Itakuwaje na pembe, na makalio yote hayo juu yake?”

Kamati ikacheka mpaka ikakaa chini. Wakahesabu enea: mashina matatu tu, pembeni. Shimo likabaki lake. Casimiro mwenyewe akaweka sharti: kuanzia siku ile hakuna shimo linalohukumiwa kutoka ukingoni.

Maruja, wewe na ndugu zako, poleni sana. Studio nzima inalia nanyi, hata mimi mwenye mdomo huu.

Shimo sasa ni la Maruja. Jana kamati ilikwenda kulikagua, suruali zimekunjwa hadi magotini, maji yakiwa baridi kweli kweli. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu uliyekwisha kumhukumu kwa kumtazama kwa mbali. Mfikirie leo. Kisha kunja suruali.