Mwalimu Batuli na Ukuta wa Ukumbi Wetu

Mwalimu Batuli Halfani amestaafu rasmi tarehe 15 Novemba 2024, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi wa umma. Miwili ya mwanzo alifundisha shule ya msingi Chunya, na iliyobaki yote aliitumia hapa Iringa, katika chuo chetu cha ualimu. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitajitahidi. Hilo la pili msomaji ataamua mwenyewe.

Alizaliwa Sokomatola, Mbeya, mtoto wa Mzee Halfani, muuza vitambaa ambaye wazazi wake walitoka Pangani. Vipande vilivyobaki dukani Batuli alivikusanya akavishonea maganda ya mikaratusi, magome na mbegu zilizoanguka barabarani. Mzee wake alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu binti yangu anashona takataka." Alilisema kwa mapenzi na kicheko. Baadaye wapo waliolirudia bila kicheko.

Chunya alipokelewa na vumbi na darasa lisilo na hata kopo moja la rangi. Akawafundisha watoto kutengeneza rangi kwa udongo mwekundu, majivu ya kuni na majani ya tumbaku yaliyooza. Wazazi walilalamika kwamba sare zinarudi nyumbani na madoa, naye akawajibu kwamba sare hufuliwa. Naeleza haya kwa sababu katika hotuba za siku hizi kila anayestaafu huitwa mpole na mnyenyekevu. Mwalimu Batuli si mpole. Ana mdomo, na wakuu wa chuo waliopita hapa wanaujua.

Alipohamia kwetu alikuta chumba cha sanaa kimegeuzwa stoo ya magodoro mabovu. Aliyatoa nje yote siku ya kwanza na kuyapanga mbele ya ofisi ya utawala, mpaka akapewa chumba. Kisha akaanza utaratibu ambao kila aliyesoma hapa anaukumbuka. Mwanachuo mpya, kabla hajapewa penseli, alitumwa mjini. Aende Miyomboni, Mshindo au apande Gangilonga, popote apendapo, arudi na kitu kimoja ambacho mti, ndege, mdudu au mvua imekiacha mjini. Sharti kiwe kimeanguka chenyewe. Asikate, asing'oe, asinunue. Kijana mmoja alileta ua alilolichuma kwenye bustani ya ofisi fulani, akarudishwa akauombe mmea radhi. Alikwenda, na mlinzi alimshuhudia.

Vitu hivyo viliunganishwa na vile ambavyo watu wa mjini wamevitupa: vizibo vya soda, mabati yenye kutu, nyaya, mifuko ya saruji, vipande vya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani. Vyote vilikwenda kwenye ukuta wa nyuma wa ukumbi. Magome ya mikaratusi yakawa jiwe la Gangilonga. Bati lililopondwapondwa likawa mto wa Ruaha Mdogo. Maua ya jakaranda yalikaushwa na kubanwa ndani ya vitabu vizito, yakawa barabara zetu za mwezi wa kumi, na manyoya ya kunguru yakawa mawingu juu ya Kihesa. Ukisimama mlangoni uliuona mji mzima, na ukisogea uliona kila mwanachuo aliweka nini. Hakukuwa na majina, lakini Mwalimu Batuli alijua kila kitu ni cha nani.

Hata likizo hakupumzika. Alipokwenda Mbeya kwao alirudi na gunia. Safari moja basi lilisimamishwa Nyololo, na askari akataka kujua gunia lile lina nini. Mwalimu akasema ni manyoya ya kunguru wa Mwanjelwa. Askari hakuamini, akalifungua, akaingiza kichwa, akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Alipoliruhusu basi kuondoka alimsihi, "Mama yangu, siku nyingine sema tu ni mahindi."

Mafanikio yapo. Wageni wengi walipiga picha mbele ya ukuta ule, wengine kwa kujidai kwamba wao ndio waliouwezesha. Kazi za wanachuo wake zilipelekwa kwenye maonesho ya Nane Nane Mbeya na kurudi na vyeti. Leo kuna shule Mufindi, Njombe na Songwe ambako watoto wanaokota magome na vizibo na kubandika ukutani kwa sababu mwalimu wao alipita mikononi mwa Batuli. Kwa mtu aliyeitwa mshona takataka, si haba.

Sasa nije kwa Aroni, kwa sababu bila yeye wasifu huu utakuwa uongo wa heshima.

Aroni alikuwa mwanachuo wetu miaka kumi na kitu iliyopita, mtoto wa Mama Apolonia wa Nyololo. Alipotumwa mjini alirudi na kiota cha ndege kilichoanguka Mshindo, karibu na baraza za mafundi cherehani. Ndege yule alikuwa ameokota nyuzi za mafundi, nyekundu na za njano, akazisuka pamoja na nyasi. Mwalimu Batuli alikizungusha mkononi muda mrefu, akasema hakuna aliyewahi kumletea kitu ambacho mji na ndege wamekitengeneza pamoja. Akamwachia Aroni akibandike mwenyewe, usawa wa kifua, upande wa kulia wa ukuta.

Likizo iliyofuata kijana alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu ili apate ada. Shimo likamfukia. Vitu vyake huko machimboni viligawanywa kabla ya ndugu kufika, na mama yake alirudi Nyololo na mwili tu.

Tangu hapo, kila Mama Apolonia alipokuja Iringa kliniki ya macho, alipitia chuoni. Mlinzi alishamzoea. "Kamwene," anamsalimu kwa Kihehe, "nimekuja kumsalimu Aroni." Macho yake yana ukungu, kwa hiyo alikuwa haangalii, anapapasa. Anapita na ukuta kwa kiganja, na akikipata kiota anaingiza kidole ndani, anasimama hapo. Mwalimu Batuli alikuwa akimletea kiti na chai. Mwaka huu alipokaribia kustaafu, ombi lake kwa uongozi lilikuwa moja, akalitoa kwenye kikao mbele yetu sote: kwamba ukuta ule ubaki, na mlinzi aendelee kumfungulia Mama Apolonia. Tulipiga makofi. Ombi likapita bila mjadala.

Wasomaji wote mnajua desturi yetu mgeni rasmi anapokuja. Mawe yanapakwa chokaa, miti inavalishwa soksi nyeupe, nyasi zinakatwa hata zile zilizokwisha kukauka. Kamati ya Maandalizi ya sherehe ya kumuaga Mwalimu Batuli iliongozwa na Mwalimu Crispin, naye alifanya kazi kwa moyo, hilo siwezi kumnyima. Jumamosi, wakati mstaafu yuko Mbeya kwenye harusi ya mpwa wake, na mimi niko Njombe kusimamia wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, mafundi waliletwa kuupendezesha ukumbi. Waliambiwa kuta zote. Walikwangua kuta zote. Wakapiga rangi ya maziwa, mara mbili, na ukuta wa nyuma wakautundikia kitambaa cha satini kwa ajili ya jukwaa. Yaliyokwanguliwa yalichomwa nyuma ya jiko pamoja na maganda ya ndizi. Niliporudi Jumapili jivu lilikuwa bado linafuka, linanuka mikaratusi kama mvuke wa dawa ya mafua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu hakupona.

Nina hasira, na siombi radhi kwa hilo. Hakuna adui aliyeingia chuoni. Ukuta wa mwanamke huyu umeharibiwa ili sherehe yake ipendeze, na waliouharibu ni watu waliompigia makofi.

Jumatatu Mwalimu Batuli alifika, akafunua satini, akaweka kiganja upande wa kulia, pale kilipokuwa kiota. Hakupiga kelele, na sisi tunaoujua mdomo wake ndipo tulipoogopa. Mwalimu Crispin alikuwa amesimama hapo na macho mekundu. "Mwalimu, nilitaka siku yako ipendeze," alisema. "Tutautengeneza tena. Wanachuo wapo, gundi ipo."

"Gundi ipo, Crispin mdogo wangu," Mwalimu Batuli akamjibu. "Aroni nitamtoa wapi?"

Kisha akatuuliza sote swali jingine: nani atamwambia Mama Apolonia, au tunangoja aje apapase rangi? Kliniki yake ilikuwa wiki iliyofuata. Mkuu wa Chuo alishauri atumiwe ujumbe kwa simu ya jirani. Mwalimu Batuli akatoka nje.

Sherehe ilifanyika Ijumaa kama ilivyopangwa. Mgeni rasmi alipata udhuru, akatuma mwakilishi, ambaye alikaa muda wa kumaliza soda moja na kusema ukumbi wetu ni msafi sana. Mbuzi alichomwa, akavalishwa majani, MC akacheza naye. Zawadi ilikuwa picha kubwa ya kuchapishwa, ndani ya fremu ya dhahabu, yenye maporomoko ya maji ya nchi nisiyoijua. Ilibidi niipokee mimi, kwa sababu kiti cha mstaafu kilikuwa kitupu. MC alitangaza kwamba anaumwa. Hakuwa anaumwa. Asubuhi ile, wakati tunapuliza maputo, alipanda basi la Nyololo.

Nilimpigia jioni. Alikuwa bado kwa Mama Apolonia, na aliniambia atalala hapo kisha apitilize Mbeya. Mizigo yake nimpelekee kwa lori. Nikamuuliza mama amepokeaje. Akasema alimweleza kila kitu, mafundi, rangi, na moto nyuma ya jiko. Mama hakuuliza nani aliamuru wala kwa nini. Aliuliza kama Aroni alitupwa peke yake au pamoja na wenzake.

"Na wenzake wote," Mwalimu Batuli akamwambia.

"Basi afadhali," mama akasema, akainuka kwenda kumtengea mgeni wake chakula.

Mwalimu Batuli, kwa niaba ya wafanyakazi na wanachuo, waliopo na waliosambaa kote Nyanda za Juu Kusini, asante kwa kazi yako. Asante kwa vijana uliowafundisha kuinama na kuokota. Mungu akupe afya, macho yaone na mikono isichoke, na uzee wako huko Sokomatola uwe wa raha, kati ya watu wanaouliza kabla ya kugusa.

Clement,
Mkufunzi wa Kiswahili