Bwana Famau na Gari Lililoshinda kwa Mabega

Tarehe 31 Machi 1959 Bwana Famau Gharibu, mkalimani mkuu wa uwakala wetu wa meli na forodha hapa Kismayo, anastaafu baada ya miaka thelathini ya kazi. Wale waliokuwa wakiitamani meza yake ya dirishani sasa wanaweza kuanza kuigombania waziwazi.

Kwao ni kisiwani Kudhaa, kwa watu wa kuvua samaki. Aliajiriwa mwaka 1929 na marehemu baba yake Bwana Mahmudi, tajiri wetu wa sasa, baada ya kusema kwamba Kitaliana amekisomea Mogadishu. Wataliana walimzoea pale dirishani, Waingereza wakaja wakamkuta palepale, Wataliana wakarudi nao wakamkuta, kidau cha wino kimejaa.

Sifa yake kubwa ni kulainisha maneno. Siku moja nahodha wa meli na mkaguzi wa forodha walitukanana asubuhi nzima kwa sababu ya magunia ya mahindi, mmoja kwa Kitaliana na mwingine kwa Kisomali. Bwana Famau alilipokea kila tusi upande huu na kulitoa upande wa pili likiwa limeoga na kuvaa. Mwisho mkaguzi akamkaribisha nahodha nyumbani kwake chakula cha mchana. Mpaka leo wale wawili hujuliana hali.

Tukitaja sifa, tutaje na maringo. Koti jeupe, kola ngumu, viatu vimepigwa rangi hata wakati wa mvua. Hatujawahi kumwona akinyanyua kitu kizito kuliko kalamu; wino ukiisha, humwita mtu alete chupa. Ofisini tulimpa jina la Bwana Mikono Laini, naye alilipenda. Bega lake la kulia limeshuka chini ya la kushoto, na tukimuuliza alisema ni kwa sababu ya kulalia upande mmoja. Gatini alipita upesi, macho mbele, salamu moja kwa wote. Mahamali walisema anajiona, na sisi hatukumtetea sana.

Sasa tuje kwenye gari, maana mwaka huu huwezi kumtaja Bwana Famau usilitaje gari.

Mwenye shamba la ndizi mmoja wa huko mto Juba, alipofunga mizigo kurudi kwao Italia, alimwachia Bwana Mahmudi gari lake la zamani la mashindano alitafutie mnunuzi. Lina kiti kimoja tu, halina paa wala madigadi, na magurudumu yametoka nje ya bodi. Ni jekundu, na ndiyo maana mji mzima unaliita Kaa. Mwaka 1929 lilishinda mbio za kutoka Gobwen mpaka gatini. Kikombe kipo, na picha ipo. Katika picha hiyo Kaa anavuka mstari wa mwisho magurudumu yote manne yakiwa hewani, vumbi limejaa chini yake, na vichwa vya watu vinachungulia huku na huku.

Bwana Mahmudi akaitia picha hiyo kwenye tangazo, akalituma Italia kwa watu wanaokusanya magari ya kale. Chini yake akaandikisha kwamba hili ndilo gari lililokwenda kasi hadi likaiacha ardhi. Mwezi uliopita akashuka melini mkusanyaji mmoja, Sinyori Bertolani, mzee mpole mwenye tangazo mfukoni.

Mimi nilikuwapo ghalani, nimeshika funguo. Sinyori alilizunguka gari, akaugusa usukani, akacheka peke yake. Kisha akaitoa ile picha na kuuliza jambo moja: gari lilikuwa likienda kasi gani hata likapaa hivi? Bwana Mahmudi, ambaye Kitaliana chake kinatosha salamu na bei ya mahindi, alimgeukia mkalimani wake akitabasamu.

"Mwambie lilikuwa likiruka, ami Famau."

Lilikuwa neno dogo, na Bwana Famau amewahi kulainisha makubwa kuliko hilo. Lakini aliichukua picha akaitazama sana, na jasho likaanza kulowesha ile kola.

"Halikuruka," alisema. "Lilibebwa na wachu. Huyu ni Abubakar. Huyu ni Nassor. Huyu ni marehemu Aboud wa Chula. Na huyu ni mimi."

Miaka yote hiyo hatukuwahi kumsikia ofisini akisema "wachu", kama wasemavyo kwao Kudhaa. Ofisini husema "watu", kwa meno kamili. Bwana Mahmudi alidhani hakusikia vizuri. Na mimi nilikuwa bado naulizana na nafsi yangu Bwana Mikono Laini anafanya nini katikati ya mahamali, wakati yeye amekwisha mgeukia Sinyori na kumweleza yote kwa Kitaliana, bila kupunguza kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Magari yote ya mashindano yalizama mchangani Gobwen, ila Kaa. Kaa naye akazama karibu na gati, mstari wa mwisho ukionekana. Dereva aliutwanga usukani kwa ngumi, karibu atoe machozi. Mahamali waliokuwa wakipakua meli wakaacha mizigo yao, wakapitisha miti chini ya gari, wakaitikia wimbo wa kuvutia mashua pwani, wakalipeleka mabegani na dereva wake ndani. Waamuzi walibishana mpaka magharibi. Kanuni zilitaka gari na dereva wavuke mstari pamoja kabla ya wengine. Juu ya magurudumu kugusa chini hazikusema lolote. Wakatoa kikombe. Miongoni mwa mahamali hao alikuwamo kijana wa Kudhaa aliyekiokota Kitaliana chake kwa mabaharia, na Mogadishu alikuwa hajaiona. Mwaka uleule alinunua koti jeupe.

Kwa hiyo pale ghalani Bwana Famau alikuwa akitupa vitu viwili kwa mpigo. Kimoja ni biashara ya tajiri wake, naye amebakiwa na mwezi mmoja tu kazini. Cha pili ni jina lake mwenyewe, maana wakwe zake, wafanyabiashara wa mjini, walimwoza binti yao kwa kumjua kuwa ni msomi.

Sinyori aliikunja picha, akaaga kwa adabu, akaenda zake alikofikia. Siku kadhaa Bwana Mahmudi alimkwepa Bwana Famau. Akipita mlangoni alijifanya anatafuta miwani. Tulinong'ona kwamba mzee wa watu atafukuzwa kabla hajaagwa. Habari ikafika mjini, na kutoka mjini ikafika kwa wakwe. Hapo ndipo mkewe, Bi Zakia, alipowaambia ndugu zake kwamba yeye alijua tangu wiki ya harusi, kwa kuwa bega la mtu aliyelalia upande mmoja haliwi na sugu. Wakwe walinuna kidogo, kisha wakacheka, na sisi tukacheka zaidi yao.

Kumbe Sinyori alikuwa akishinda gatini, akiuliza wazee. Aliporudi ofisini alisema nyumbani kwake ana magari mengi yaliyoshindishwa na injini, na hana hata moja lililoshindishwa na watu. Analinunua gari, ila kwa sharti: lisikokotwe kwa trekta mpaka kwenye tishali la kulifikisha melini. Lipelekwe kama lilivyoshinda.

Basi siku ya kupakia tulifunga ofisi tukatoka wote. Mahamali walipitisha miti, wakajipanga. Bwana Famau alisimama nasi kivulini, mikono nyuma. Sote tulijua anataka nini. Tulijua pia anachoogopa: kwamba amewapita watu hawa miaka thelathini bila kumwita hata mmoja kwa jina, na kwamba huenda hana tena mahali pa kuweka bega. Akalivua koti. Akanipa mimi nilishike, na kola juu yake, akashuka.

Katika wale wa mwaka 29 aliyebaki kazini ni mmoja, Mzee Nassor, aliyekuwa ameinama tayari chini ya mti wa nyuma. Bwana Famau alimwita kwa jina lake. Mzee Nassor alimtazama kuanzia viatuni, kisha akasogea, na tukaona kwamba upande wa kulia kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Umekawia," alisema.

Wakaliinua.

Bwana Famau, sisi wa ofisini na wa gatini tunakushukuru. Mungu akupe wewe na Bi Zakia afya, raha na siku nyingi za kukaa kitako. Mahamali waliomba wakubebe leo mpaka nyumbani. Umekataa, ukasema utakwenda nao kwa miguu. Basi tangulieni, sisi tunafunga mlango tuwafuate.