Siku Nilipomkemea Marehemu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na mtu aliyechelewa kuelewa kama mimi.

Mke wangu Wairimu alipofariki, miaka ile ya tisini, tulikuwa tukiishi Ruiru karibu na kiwanda cha kahawa. Nilihamia Thika na binti yetu Nyambura, wa miaka sita, nikidhani kumbukumbu hazijui njia. Zilitufuata. Nikiwa darasani, chaki mkononi, harufu ya maganda ya kahawa ilinijia pasipo na kahawa, na Wairimu akasimama mbele yangu akifuta mikono kwa leso. Nikalia mbele ya kidato cha pili. Mimi, mwenye shahada, niliyesoma vitabu vinene kuhusu akili ya binadamu, nikaamua hilo ni pepo! Niliombewa Ijumaa tatu. Ya tatu nikaanguka, watu wakashangilia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefunga, na njaa ilinizidi.

Jumamosi moja nikimenya viazi, waru zetu, Nyambura alicheka peke yake. "Mama alikuwa ananiita mama mkwe," akasema. Ni kweli. Kwa desturi yetu Nyambura alipewa jina la mama yangu, basi Wairimu alizoea kumtania: mama mkwe, njoo uonje chumvi. Hakuna aliyemuuliza mtoto. Lilimjia tu, kama chafya.

Ndugu zangu, nilimpeleka kuombewa. Nikamwambia anayekuja na sura ya mama si mama, amfukuze.

Alitii. Hakucheka tena jikoni, nami nikasimama kanisani nikatangaza kwamba amefunguliwa. Miezi ikapita. Kisha Mama Kamau, kiongozi wa maombi, akanivuta kando.

"Mwalimu, huyu mtoto ana pepo ama ana mama?"

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti mbele ya Nyambura, nikamwomba msamaha, nikamwambia amkumbuke mama apendavyo. Alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Nimejaribu, baba. Haji."

Mungu aliniokoa siku hiyo, lakini sitawadanganya kwamba alirudisha kila kitu. Kwangu mimi, Wairimu bado huja, nami huacha kuandika ubaoni nikangoja amalize. Jioni namsimulia Nyambura. Husikiliza kwa adabu, kama anayeelezwa habari za jirani aliyehama. Hata kwa hicho kidogo nashukuru.

Nawe ambaye marehemu wako hukujia bila hodi, mtumaini Mungu, na marehemu huyo usimkemee. Mpe kiti. Kuna siku utamwita, na hatakuja.