Pepo Huulizwa Jina

Bomba la moshi la lori lilipolia kama bunduki, Hasani, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, alijitupa kifudifudi juu ya magunia. Basi kuanzia hapo Nachingwea abiria wawili wasiomjua wakawa wanamgombania.

"Huyu achezewe ngoma," alisema Bi Mwamina, mganga wa Narung'ombe. "Pepo huulizwa jina lake kwanza, kisha huulizwa anataka nini."

"Mama, huyu ni wa hospitali ya misheni," Anselmo, mwalimu wa misheni, alijibu kwa sauti ya kufundisha watoto. "Ngoma zenu zitamzidishia."

"Na nyie mtamlaza peke yake, mbali na ndugu zake wote."

Hasani aliwatazama kwa zamu mpaka shingo ikachoka. Lori lilisimama Ruangwa wakiwa bado wanabishana. Yeye, hata jina hakuna aliyemuuliza.