Tulifuata Maji Korongoni Huku Mvua Ikinyesha

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenitoa udongoni! Nasema udongo hasa, si kwa mfano. Mimi ni Mama Atupele wa kule Masoko, na hadi leo hii, nikiwa nimesimama mbele yenu, bado nashangaa.

Mvua ya Rungwe mnaijua. Inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kwenye kamba. Na sisi wanawake wa kitongoji chetu, mvua hiyo hiyo ikitupiga mgongoni, tulikuwa tunashuka korongoni kuteka maji! Mara tatu kwa siku, ndoo kichwani, vidole vya miguu vikichimba tope tusianguke. Miaka kumi na minne, tangu niolewe. Hata ibadani nilikuwa natoka kabla mahubiri hayajaisha, niwahi foleni kisimani. Nilifunga, nikaomba, "Bwana, tupe maji." Bati lilikuwa linapiga kelele kwa mvua mpaka sauti yangu mwenyewe siisikii. Na sikushtuka!

Asubuhi moja ya masika nilishuka na wifi yangu, Subila. Tumeshajaza ndoo, tunapanda, nikasikia kishindo kama lori linamwaga kokoto. Kutazama juu, kilima kinakuja! Ndugu zangu, sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Udongo ulinishika miguu, ukanishika kiuno, ukanishika kifua. Mkono wa kulia ulivunjika, nikausikia unavunjika. Tope likafika kidevuni.

Subila angeweza kukimbia. Hakukimbia! Alipiga magoti palepale akachimba kwa mfuniko wa ndoo, huku akipiga yowe. "Wifi, usifumbe macho! Wifi, niangalie mimi!" Nikamwita Yesu, sauti haitoki. Lakini yowe la Subila lilifika juu, watu wakaja mbio na majembe, wakanitoa nikiwa hai. Hai!

Nikarudi kutoka hospitali na plasta mkononi. Siku chache baadaye mume wangu akamleta fundi bati kutoka Tukuyu mjini, aje kuziba paa lililokuwa linavuja. Mzee Shabani, Mwislamu, wa watu ambao babu zao walitoka pwani. Mvua ikamteremsha kwenye ngazi, akajibanza nasi barazani. Mara Subila akaingia uani, ameloa chapachapa, ananiletea maji kwa kuwa mimi siwezi.

Mzee Shabani akamtazama. "Binti yangu, hayo maji umeyatoa wapi?"

"Korongoni, baba."

Akanyoosha kidole kwenye maji yaliyokuwa yanamwagika kutoka kwenye bati, mbele ya pua zetu. "Na haya ni ya nani?"

Mume wangu, aliyeezeka paa lile kwa mikono yake mwenyewe, akainamisha kichwa. Miaka yote namlilia Bwana maji, naye anayamimina mlangoni kwangu, nami nayaruka niende kuyatafuta kwenye kifo!

Mzee akakunja mabaki ya bati yakawa mfereji, akaufunga kwa waya chini ya paa, akaweka pipa. Chai haijachemka, pipa limejaa! Nililia bila aibu.

Wapo walionong'ona, Mwislamu atatufundisha nini? Mama mkwe wangu akawajibu, "Yule Msamaria alipomwokota majeruhi njiani, mliuliza anasali wapi?" Tukabeba mawe na mchanga, Mzee Shabani akatuonyesha jinsi ya kujenga tenki: maji ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi la bati, juu uwekwe wavu mbu wasiingie, ya kunywa yachemshwe. Tukaenda nyumba kwa nyumba mpaka kila mama akapata lake. Sitawadanganya, kiangazi maji yanapungua na tunapimiana. Lakini asubuhi sasa niko shambani kwenye chai wakati ambao zamani nilikuwa bado nasubiri zamu, na ibadani nakaa mpaka baraka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumanne iliyopita ule mteremko umeporomoka wote. Saa moja asubuhi, saa yetu ya kuteka! Njia haipo. Kisima hakipo. Nilisimama ukingoni, nikawataja wanawake wa kitongoji mmoja mmoja kwa majina. Wote walikuwa majumbani mwao. Wote, ndugu zangu!

Ndaga fijo, Bwana! Asante sana, Baba! Na wewe mama uliyeomba mpaka ukachoka, usimwache Mungu. Mwamini, na ukishasema amina, toka nje ulitazame paa lako. Jumamosi tunachimba msingi wa tenki la bibi mmoja mjane wa kitongoji jirani, nyumba ya kwanza ukipita shule. Njoni na majembe.