Viatu Hawakutaja

Kwenye foleni ya basi la Ruiru, hapa Thika, mama mmoja mbele yangu alimwonyesha mwenzake ujumbe wa hospitali. "Waruguru, eti wata-release mzee leo. Ndio nini?"

"Anarudi nyumbani, Selpha."

"Polisi pia hu-release mwizi. Msanii hu-release wimbo."

"Mzee wako si mwizi, na kuimba hajui."

"Na mwili? Si pia hu-release mwili?"

"Ngai! Si upige simu uulize?"

"Naogopa. Nisipouliza, bado yuko hai."

"Wamesema ulete nini?"

"Suruali, shati, soksi."

"Na viatu?"

"Viatu hawakutaja."

Mume wangu alipofariki, nami niliambiwa nilete nguo na soksi, bila viatu. Basi likasimama, na Selpha akawaacha watu wote watangulie kupanda.